UROJO UMEKUWA MCHACHU KUPITA KIASI? SOMA HAPA KABLA HUJAMWAGA SUFURIA

Leo siasa na mpira tunaweka pembeni, tunaingia jikoni. Najua kuna washkaji watasema mambo ya jikoni ni ya akina dada... subirini kwanza. Sufuria ya supu ikiharibika ni hela imemwagika, na mimi hela imemwagika mbele ya macho yangu, tena kwa mikono yangu mwenyewe.

Kama uko kafe na dakika zako zinakwisha, ruka mpaka pale nilipoandika DAWA YA KIKOMBE. Wengine twende taratibu.

ILIVYOKUWA

Naishi kwa mamdogo, Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu. Tangu nimemaliza fomu foo namsaidia biashara yake ya urojo, ule wa Unguja ambao wengine wanauita Zanzibar mix. Anauza jioni hapo hapo mlangoni. Kazi yangu kwa kawaida ni kumenya viazi, kukaanga bajia na kuosha mabakuli. Kukoroga urojo wenyewe hapana, hiyo ni kazi yake.

Jumamosi moja akapata msiba Temeke. Akaniachia maagizo: chemsha maji, koroga unga wa ngano na manjano, tia embe bichi lililopondwa, halafu ndimu KIDOGO KIDOGO huku unaonja. Sufuria ya lita kumi.

Mimi nikaona ananichelewesha. Nikatia maembe, nikakamua ndimu zote zilizokuwa kwenye mfuko, na nilipokuta ukwaju umelowekwa kwenye bakuli nikajua na wenyewe wa humo humo, nikaumimina. Nikaonja. Jamani... meno yakafa ganzi, jicho moja likajifunga lenyewe.

Nikaanza kuganga. Kwanza sukari robo kilo. Ikawa kama juisi ya ukwaju ya moto, na uchachu uko pale pale nyuma ya utamu. Jirani mmoja akaniambia ongeza moto, iache ichemke sana, uchachu utaruka na mvuke. Nikachochea nusu saa. Ukazidi! Mwisho nikakumbuka kemia ya kidato cha pili, asidi na besi zinauana. Nikatuma mtoto dukani alete beking soda, nikamimina pakiti nzima.

Povu lilipanda mpaka likazima mkaa upande mmoja. Lilipotulia nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona: urojo uliokuwa wa manjano umekuwa mwekundu-mwekundu, kama maji ya bomba lenye kutu. Ladha yake sabuni na chumvi.

Mamdogo akarudi saa tisa alasiri. Akaonja, akatema. Akakaa kwenye kigoda, akaniangalia, akasema maneno machache tu: "Mwanangu, huo ndio ulikuwa mtaji wa kesho."

Tukamwaga. Jumapili hatukuuza. Wiki nzima nilikuwa namkwepa macho. Tangu hapo nikaamua hii kitu niielewe mpaka mwisho. Nimewauliza akina mama wa supu na urojo, nimefufua madaftari ya kemia, na nimejaribu mwenyewe kwenye vikombe. Haya ndiyo niliyoyapata.

UCHACHU NI KITU GANI

Uchachu ni asidi, basi. Ndimu ina asidi ya sitriki kwa wingi. Ukwaju una asidi ya tartariki. Embe bichi lina maliki na sitriki, na nyanya ina hizo hizo mbili ila kidogo. Siki ina asidi ya asetiki.

Wale wa kemia mnakumbuka kipimo cha pH. Maji safi ni 7, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi. Nyanya iko kwenye 4 na kitu. Ndimu iko kwenye 2 na kitu. Na kila namba moja unayoshuka ni mara kumi! Kwa hiyo mtu aliyezoea kutia nyanya tatu nne bila kuhesabu, akihamia kwenye ndimu kwa mkono ule ule, ameumia.

KWA NINI NILICHEMKA (NA SUPU NAYO IKACHEMKA)

Kosa la kwanza ni kuchemsha ili uchachu utoke. Asidi ya ndimu, ya ukwaju na ya embe hairuki na mvuke. Kinachoruka ni maji. Maji yakipungua asidi inabaki ile ile kwenye supu iliyo kidogo, kwa hiyo uchachu unapanda. Siki ndiyo tofauti kidogo, maana asidi yake inaruka kiasi, ndiyo sababu ukiichemsha inakuwasha pua. Kwenye urojo ushauri wa jirani yangu ulikuwa petroli kwenye moto.

Kosa la pili ni kudhani sukari inaondoa asidi. Haiondoi hata chembe, inaudanganya ulimi tu. Kidogo inasaidia kweli, ikizidi unapata kinywaji. Na kumbuka, mtu mwenye kiungulia au vidonda vya tumbo hatasaidiwa na sukari, kwa sababu tumboni asidi inafika yote kama ilivyo.

Kosa la tatu ni beking soda bila kipimo. Hii kweli inaua asidi. Besi inakutana na asidi, inabaki chumvi, maji na ile hewa ya ukaa inayoleta povu. Lakini ina nguvu kuliko unavyofikiri. Kijiko kimoja cha chai kinaweza kumaliza uchachu wote wa takriban ndimu tatu. Mimi nimetia pakiti! Iliyozidi ikakosa asidi ya kupigana nayo, ikabaki na ladha yake ya sabuni, na zile chumvi zilizotokea zikabaki humo humo.

Na ile rangi? Hapo nilicheka peke yangu nilipoelewa. Manjano ni kama karatasi ya litmasi. Kwenye asidi inabaki ya njano, kwenye besi inageuka nyekundu ya kutu. Jaribu nyumbani: koroga manjano kidogo kwenye maji, tia beking soda, iangalie inavyobadilika, halafu kamua ndimu uone inavyorudi. Ukiona urojo wako umeanza wekundu jua umevuka mpaka. Rangi unaweza kuirudisha kwa ndimu, ladha hairudi.

DAWA YA KIKOMBE

Sasa tunakuja kwenye matibabu. Sheria ya mamdogo ni moja: USITIBU SUFURIA, TIBU KIKOMBE. Chota supu kwenye vikombe vitatu au vinne, kipimo sawa. Kila kikombe jaribu dawa yake, na andika umetia vijiko vingapi. Ukiharibu, umeharibu kikombe. Ukipatia, unapiga hesabu. Kikombe cha robo lita kinaingia mara 40 kwenye lita kumi. Kama kikombe kimetaka nusu kijiko cha sukari, sufuria inataka vijiko 20. Tia kumi kwanza, koroga, onja, ndiyo uendelee.

Kabla ya yote, hakikisha kweli umezidi. Onja ukiwa umepoa kiasi cha kunyweka, sio unaunguza ulimi. Na urojo haunywewi mtupu. Weka kwenye bakuli kiazi, bajia, kachori, chips za muhogo na chatne ya nazi, halafu ndiyo uonje. Hivyo vyote vinanyonya na kupoza uchachu. Urojo unaokupiga ukiuonja kwa mwiko unaweza kuwa sawa kabisa kwenye bakuli. Mara mbili sasa nimeshatishika bure.

Bado umezidi? Fuata mpangilio huu, usiruke:

1. PUNGUZA. Hii ndiyo dawa ya kweli, nyingine zote ni wasaidizi. Usimimine maji matupu, utapata maji ya ndimu yenye rangi. Toa nusu ya urojo weka pembeni. Tengeneza mwingine usio na uchachu kabisa: koroga unga kwenye maji BARIDI usipate madonge, tia manjano, chumvi na viungo vyako kama kawaida, upike mpaka harufu ya unga mbichi iishe. Changanya na ile nusu iliyobaki. Hapo uchachu umegawanyika mara mbili na ladha nyingine ziko palepale. Ile uliyoitoa usimwage, ndiyo itakuwa ndimu yako kwenye sufuria ya pili siku hiyo hiyo.

Kwa supu ya kuku, mbuzi au kongoro ni hivyo hivyo. Ongeza supu ya mifupa isiyo na ndimu, sio maji ya bomba.

2. LAINISHA. Tui la nazi. Mafuta ya nazi yanaupaka ulimi na utamu wake unasaidia, kwa hiyo uchachu unafika umechoka. Ila uwe makini, tui likikutana na asidi nyingi kwenye moto mkali linakatika, unaona mafuta huku na madonge huku. Kwa hiyo punguza kwanza (namba 1), shusha moto, halafu mimina tui zito taratibu huku unakoroga, na usiache lichemke kwa fujo.

3. TULIZA KWA UTAMU. Sukari kidogo, au kitunguu kilichokaangwa taratibu mpaka kikawa na utamu, au karoti kama ni supu ya nyanya. Ukianza kuisikia sukari yenyewe ujue umeshapitiliza.

4. BEKING SODA IWE YA MWISHO, kama hizo tatu zimeshindwa. Kijiko kimoja cha chai kwenye glasi ya maji, koroga. Tia hayo maji kidogo, subiri povu liishe, onja, tia tena. Kwa sufuria ya lita kumi nikishamaliza glasi moja huwa naacha. Wenye presha wakumbuke hiyo soda inaongeza sodiamu kama chumvi inavyoongeza.

Tahadhari hapa wadau, maana madukani majina yanachanganya. Beking pauda sio beking soda. Pauda imeshachanganywa na asidi yake ndani, kwa kazi hii haikusaidii vizuri. Magadi ya mawe, yale ya kulainishia maharage, yana ukali zaidi na ladha nzito, utaharibu haraka kuliko mimi. Na soda ya kutengenezea sabuni ISIKARIBIE JIKO. Ile inaunguza koo na tumbo, inaweza kuua mtu. Kama kitu kiko kwenye mfuko usio na jina na muuzaji hana uhakika, kiache.

NA KIAZI JE?

Wengi wameniambia tumbukiza kiazi kibichi, kinavuta uchachu. Nimejaribu. Kiazi hakichagui, kinanyonya maji ya supu yote, chachu na chumvi pamoja. Kinachobaki kwenye sufuria ni chachu vile vile. Kikisagikia humo ndani kinasaidia kwa kuongeza uzito tu.

Ila kuna jambo kuhusu viazi ambalo limenisaidia sana. Viazi na maharage vikipikwa ndani ya asidi vinachelewa kuiva. Umewahi kupika maharage ukatia nyanya mapema, yakakaa masaa yamegoma? Ni asidi inayozuia yasilainike. Magadi yanafanya kinyume chake, ndiyo maana bibi zetu wanayatia. Kwa hiyo chemsha kwanza mpaka viive, nyanya, ukwaju na ndimu zije baadaye. Utaokoa mkaa, na bei ya mkaa hapa mjini mnaijua.

SUFURIA NAYO INA MANENO

Masufuria mengi tunayotumia ni ya alumini. Asidi inaila alumini kidogo kidogo, na kitu kichachu kikilala humo kinachukua ladha ya chuma. Kupika sio tatizo, tatizo ni kulaza. Urojo, mchuzi wa ukwaju au supu ya nyanya hamishia kwenye chombo cha plastiki kinachofaa kwa chakula, cha udongo au cha stili. Na ndimu ukiikamua usiikandamize mpaka ganda lilie. Mbegu na ganda vinatoa uchungu, na uchungu hauna dawa hata moja kwenye orodha yangu.

UCHACHU NA KUCHACHA NI VITU VIWILI

Hapa ndipo naomba tuwe siriasi kuliko kote. Supu iliyotiwa ndimu nyingi ni chachu, inatibika. Supu iliyochacha imeharibika, HAITIBIKI. Joto la Dar tunalijua: supu ya jana iliyobaki kwenye sufuria bila friji, hasa yenye tui au nyama, asubuhi inakuwa na uchachu ambao hukuuweka wewe. Utaona vipovu, utelezi, harufu ya ajabu.

Kuna watu wanaitia sukari na beking soda, wanaichemsha, wanauza. Ndugu zangu, kuchemsha kunaua vijidudu lakini baadhi ya sumu zilizoachwa na vijidudu hivyo moto hauziondoi. Mteja anarudi nyumbani anaharisha na kutapika, na hajui ni bakuli la saa ngapi. Swali la kujiuliza ni moja: uchachu huu nimeuweka mimi? Kama hujaweka, mwaga. Inauma, naijua hiyo maumivu, lakini mwaga.

KUMBE JIBU LILIKUWA MEZANI

Ukipita Kariakoo asubuhi ukaketi kwenye benchi la supu, ukaagiza supu ya mbuzi na chapati mbili, ndimu inakuja wapi? Inakuja pembeni kwenye kisahani, pamoja na pilipili na chumvi. Miaka yote nilidhani ni mapambo. Kumbe yule mzee wa supu amekwepa matatizo yote niliyoyaandika hapa. Kila mtu anajikamulia anavyotaka, na ukizidisha kwenye bakuli lako unasema "mzee niongezee supu kidogo", anakuchotea, yameisha. Sufuria yake haijaguswa.

Hata huko duniani wenzetu wanacheza hivi hivi. Wathai supu yao ya tom yum ina ndimu, na wakitaka ya upole wanayo nyingine ya tui la nazi. Wafilipino wana sinigang, supu ya ukwaju. Warusi na Waukraine wanaweka krimu chachu juu ya supu yao ya bitiruti, na mafuta ya ile krimu yanaipoza. Mafuta yanalainisha, utamu unatuliza, na uchachu unakuja mwishoni. Mamdogo hajawahi kufika Bangkok lakini angeelewana nao vizuri tu.

Sasa hivi pale kwetu tumebadilisha mtindo. Sufuria inatiwa embe tu, uchachu wa chini. Ndimu na ukwaju vinakaa kwenye chupa mbili mezani, na mteja anaulizwa: "Nikuongezee ukali?" Wengine wanakamua mpaka machozi yanawatoka, wengine wanakataa kabisa. Na tangu tuanze hivyo hatujamwaga hata bakuli.

Basi hiyo ndiyo nimeilipia ada ya sufuria nzima, nyie mnaipata bure: uchachu unaongezwa, kupunguza ni shughuli. Anza chini, onja, panda.

Mwezi uliopita mamdogo alikwenda tena Temeke, safari hii kwenye harusi. Akaniachia sufuria. Akaniachia na ndimu, mfuko mzima, akaniangalia tu bila kusema kitu. Nilitumia tatu.

Haya wadau, wenye ujuzi zaidi mwageni hapa chini. Hasa watu wa Unguja na Pemba, najua mtanikosoa kuhusu embe na ukwaju, karibuni sana. Na kama kuna mtu ana dawa ya pilipili iliyozidi aseme mapema, maana mdogo wangu ndiye amepewa zamu ya chatne wiki hii...

Ni hayo tu. Jioni njema.